Jina la Tanzania limetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara huku Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Mtwara, kwa wazazi wao, na kwa wazee wa Mikindani ambao hawaridhiki na jibu la juujuu. Mengi yanahusu jina la nchi yetu. Mengine yamevuka Ruvuma hadi kwa majirani, kwa sababu huku Kusini jina la nchi yako na la jirani yako huzungumzwa kwa pumzi moja. Katika kila jina nimejiuliza mambo matatu: nani alilitoa, lini, na kwa lugha gani. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi.

Mwalimu, neno "Tanzania" lina maana gani?

Lenyewe kama lilivyo halina maana ya kamusi. Ni jina lililoundwa kwa kuunganisha vipande: Tan- ya Tanganyika, Zan- ya Zanzibar, na -ia mwishoni. Julius Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza tarehe 26 Aprili. Kwa miezi ya mwanzo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 29 Oktoba 1964 ndipo likatangazwa jina Tanzania.

Lakini kila kipande kina ukoo wake, na ukoo huo una maana. Tan- imetoka kwenye ziwa la magharibi, kwa watu wa Ujiji na wafanyabiashara waliofika kwao. Zan- imetoka Uajemi, ikapita vinywani mwa Waarabu. Na -ia ni ya Wagiriki na Warumi wa kale. Jina la herufi nane limebeba Kibantu, Kiajemi na Kilatini, kisha sisi tukalifanya la Kiswahili kwa kulitamka.

Hiyo -ia ya mwisho iliwekwa kwa nini?

Ni kiambishi cha zamani cha kutaja nchi: Ethiopia, Somalia, Nigeria. Katika Kilatini na Kigiriki ukitaka kusema "nchi ya fulani", mara nyingi ulimalizia hivyo.

Utazame mwaka wenyewe. Nyasaland ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 ikaitwa Malawi. Rhodesia ya Kaskazini ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikaitwa Zambia, jina lililotokana na mto Zambezi. Siku tano baadaye likatangazwa jina Tanzania. Nchi tatu zinazopakana zilibadili majina ndani ya mwaka mmoja, na mbili kati yake zikamalizia kwa -ia. Zambia ilichukua mto, sisi tukachukua ziwa na visiwa. Ukiyaweka majina haya pamoja utaona kwamba jina letu halikuzuka peke yake. Ni la kizazi cha viongozi waliokuwa wanayavua majina ya wakoloni na kutafuta mengine.

Iko pia simulizi ya mtu aliyesema kuwa alishiriki shindano la kupendekeza jina, na kwamba herufi "i" na "a" alizitoa katika jina lake na la madhehebu yake. Hayo ni maelezo yake mwenyewe kuhusu alivyofikiri. Mimi kwa upande wa lugha naona jambo moja: lisingemalizikia kwa -ia, lisingesikika kama jina la nchi, na ndiyo maana likakubalika haraka.

Si tumefundishwa kwamba Tanganyika ni "tanga" na "nyika"?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalostahili nafasi kubwa.

Maelezo ya "tanga na nyika" yanapendwa kwa sababu kila mtoto wa pwani anayajua maneno yote mawili. Tanga ni la jahazi, nyika ni pori kavu. Wengine husema ni "kutanga nyikani", yaani kuzurura porini. Tatizo ni kwamba jina lilianza kuwa la ziwa. Tanga la nyika ni kitu gani? Na watu wanaoishi kando ya maji marefu kiasi kile wangeyaitaje pori? Maelezo haya yamekuja baada ya jina kuwa la nchi nzima, pale tulipotazama bahari upande huu na bara upande ule tukaona yanalingana. Yanapendeza, ila yametazama nchi yakasahau ziwa.

Sasa tuwasikilize waliolisikia jina mapema. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwaka 1858 wakifuata njia ya misafara ya biashara ya Waarabu na Waswahili. Burton aliandika kwamba jina linatokana na "kutanganyika", maana yake kukutana na kuungana, mahali pa makutano ya maji. Akaongeza kwamba katika Kiswahili cha Unguja neno hilo hilo hutamkwa "kuchanganyika". Baadaye Henry Morton Stanley alitoa maelezo mengine, kwamba ni ziwa kubwa lililotandaa kama uwanda.

Mimi naegemea maelezo ya Burton, na sababu yangu ni ya lugha. T na ch hubadilishana katika lahaja zetu kwa utaratibu, si kwa bahati. Mtu wa Unguja anasema jicho, wa Mombasa anasema jito. Huyu anacheka, yule anateka. Basi changanya na tanganya ni neno moja lililovaa sauti mbili. Maumbile nayo yanakubali: mto Malagarasi unaingia ziwani kutoka mashariki, Ruzizi unaingia kutoka kaskazini, na mingine midogo mingi inashuka milimani. Maji yanachanganyika kweli.

Usidhani hata hivyo kwamba ziwa lilikuwa na jina moja. Kila watu waliliita kwa lugha yao. Mpelelezi David Livingstone alipofika ncha ya kusini mwaka 1867 aliambiwa ni Liemba. Jina hilo limebaki kwenye meli: ile MV Liemba ya Kigoma ilikuwa meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa na kuipa jina la Liemba. Msafara wa Livingstone ungetangulia kusikika Ulaya kabla ya ule wa Burton, pengine leo tungekuwa Waliemba.

Kigoma ni mbali na sisi. Kwa nini nchi nzima ipewe jina la ziwa la kule?

Kwa sababu jina liliamuliwa London, na aliyeamua alikuwa anatazama ramani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikabidhiwa sehemu kubwa ya koloni la Wajerumani. Koloni likahitaji jina jipya. Yalipendekezwa majina ambayo ukiyasikia leo unashtuka: Smutsland, kwa heshima ya jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, New Maryland, Windsorland, Victoria, na Eburnea, la Kilatini, lenye maana ya pembe za ndovu. Waziri wa Makoloni, Lord Milner, alitaka jina la wenyeji linalojulikana na kuhusiana na nchi yenyewe. Kilimanjaro na Tabora yalifikiriwa yakaachwa. Likabaki Tanganyika, na mwaka 1920 likawa rasmi: Tanganyika Territory.

Nawaambia wanafunzi wangu waliandike Smutsland kwenye daftari, wajiulize wangejisikiaje kuitwa hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Hatukuulizwa mwaka ule. Lakini jina lililochaguliwa lilikuwa na mizizi katika lugha za Kiafrika, na ndiyo maana TANU mwaka 1954 ililibeba bila kigugumizi, na uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ukapokelewa kwa jina hilo hilo.

Kabla ya 1920 sisi wa Kusini tulikuwa tunaitwaje?

Kwenye karatasi za Wajerumani tulikuwa Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hilo lilikuwa jina la mwenye ofisi. Vinywani mwa watu kulikuwa na majina mengi, kila moja na eneo lake. Watu walikuwa wa Umakonde, Umwera, Umakua, Uyao. Pwani inayotazamana na Unguja iliitwa Mrima. Pwani yetu, kutoka Kilwa kushuka kusini, iliitwa Mgao, na jina hilo bado linaishi katika Kimgao, lahaja ya Kiswahili ya upande huo. Aliyetoka ndani alikuwa mtu wa bara.

Kuna jambo moja la huku ambalo vitabu vya shule hulipita. Kusini ya mlango wa Ruvuma kuna mahali panaitwa Kionga. Wajerumani walipachukua mwaka 1894 wakapaingiza katika koloni lao, ingawa Wareno walidai ni pao. Mwaka 1916, vita vikiendelea, Wareno walipachukua tena, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa hiyo watu wa Kionga walikuwa pamoja nasi chini ya jina la Wajerumani, lakini jina Tanganyika lilipozaliwa wao walikuwa tayari upande wa pili. Msimbati na Kionga ni majirani wa pwani moja. Jina la taifa la kila mmoja liliamuliwa na watu ambao hawakuwahi kula samaki wa huko.

Zanzibar ni Kiarabu?

Kwa sehemu tu. Asili yake ni Kiajemi: zangi, watu weusi, na bar, pwani au nchi. Kiarabu hakina sauti ya "g" ya namna hiyo, kwa hiyo Waarabu wakasema Zanj na Zanjibar. Bar hiyo hiyo unaikuta katika Malabar, pwani ya kusini magharibi ya India. Mabaharia walewale wa pepo za kaskazi na kusi walizipa pwani zote mbili majina ya mtindo mmoja.

Jambo linalopaswa kutugusa sisi ni kwamba mwanzoni jina halikuwa la kisiwa. Waandishi Waarabu kama al-Masudi, katika karne ya 10, waliita Zanj pwani ndefu ya Afrika Mashariki pamoja na watu wake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba wengi wa wakazi wake ni Zanj, weusi sana. Kilwa iko mkoa wa Lindi leo. Kwa maana ya wakati ule, mtu wa Kilwa alikuwa wa Zangibar sawasawa na mtu wa Unguja. Karne zilivyopita, jina lilisinyaa likabaki kwenye visiwa. Mtu wa Lindi akiniambia kwamba katika neno Tanzania sisi tumo kwenye "Tan" tu, humjibu kwamba katika "Zan" tulitangulia kuwamo.

Wenyewe wenyeji wana jina lao, Unguja, na ni la zamani pia. Waandishi Waarabu walilinukuu kwa matamshi yao tangu karne za kati. Yale maelezo kwamba Zanzibar ni maneno ya Kiarabu "zain" na "barr", nchi nzuri, ni ya aina ile ile ya tanga na nyika. Mtu amelisikia jina, akatafuta maneno yanayokaribiana nalo katika lugha yake.

Na Azania? Si ndiyo iliyozaa Tanzania?

Hapana. Azania ni jina walilotumia Wagiriki kwa pwani yetu takriban miaka 2000 iliyopita. Linakaribiana na Tanzania kwa sauti, lakini vipande vya jina letu vinajulikana na tarehe zake zinajulikana.

Jirani zetu kwa nini wanaitwa Msumbiji?

Jina lilianzia kwenye kisiwa kidogo cha kaskazini mwa nchi yao, Ilha de Moçambique. Vasco da Gama alifika hapo mwaka 1498 akakuta mji wa Waislamu wenye biashara ya bahari. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba jina limetokana na la mkuu wa mji au mfanyabiashara, linaloandikwa kwa Kireno Mussa Bin Bique. Wareno wakaandika Moçambique, sisi tunasema Msumbiji. Kisiwa kilikuwa makao makuu ya Wareno hadi mwaka 1898, kwa hiyo jina la kisiwa likaenea likawa la nchi yote, mpaka mto Ruvuma.

Wamakua wenyewe wanakiita kisiwa hicho Omuhipiti. Wamakua wetu wa Masasi na Nanyumbu wakisikia jina hilo hulitambua haraka kuliko Moçambique. Ni mfano mzuri wa namna jina la mgeni linavyoweza kupanda ramani na la mwenyeji likabaki nyumbani.

Na kwa kuwa wengi wanauliza: ndiyo, Wamakonde wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, na Wamakonde wa Newala ni watu wa lugha moja. FRELIMO, harakati iliyopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na uhuru wa Msumbiji ukatangazwa tarehe ileile mwaka 1975. Leo unavuka kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala.

Babu yangu Myao anasema "Ziwa Nyasa" ni kurudia neno. Ni kweli?

Babu yako yuko sahihi, mpe heshima yake. Katika Kiyao, nyasa ni ziwa. Livingstone alipofika mwaka 1859 aliwauliza watu hayo maji yanaitwaje, nao wakamjibu ni ziwa. Akaandika Nyassa, akadhani ni jina la pekee. Waingereza wakalitumia kuiita nchi Nyasaland, nusu Kiyao na nusu Kiingereza, na maana yake ikawa "nchi ya ziwa".

Nyasa ina ndugu wengi. Kichewa kinasema nyanja. Wasukuma wanasema nyanza, na ndiyo maana Ziwa Victoria liliitwa Victoria Nyanza. Maneno hayo matatu yana mzizi mmoja wa Kibantu. Mtoto wa Tunduru au Masasi anayekijua Kiyao ana ufunguo wa jina hili mfukoni, na inaniuma kuona anaambiwa shuleni kwamba lugha ya nyumbani haina kazi darasani.

Malawi nalo linahusiana na Maravi, dola ya zamani ambayo Wareno waliitaja katika maandishi yao. Katika Kichewa neno hilo lina maana ya miali ya moto. Baada ya uhuru wao waliliita ziwa Malawi. Sisi bado tunasema Nyasa, na Msumbiji wana jimbo lao la Niassa.

Kwa nini nchi nyingi kwa Kiswahili zinaanza na U-?

Kwa sababu U- ndiyo namna yetu ya kusema "nchi ya", kazi ile ile inayofanywa na -ia kule mwishoni. Umakonde, Unyamwezi, Uingereza, Ufaransa. Waganda wenyewe husema Buganda. Wafanyabiashara Waswahili walisema Uganda, na Waingereza wakalichukua jina kwa matamshi ya Kiswahili. Nchi nzima inatambulika duniani kwa kiambishi chetu. Ureno tumeupata katika neno la Wareno wenyewe, reino, yaani ufalme. Ulaya imetoka kwenye wilaya ya Kiarabu. Tanzania haikuwekewa U- kwa sababu ilizaliwa ikiwa na -ia tayari.

Mtwara, Lindi na Mikindani je?

Kwa Mtwara, maelezo yanayotajwa zaidi ni kitenzi cha Kimakonde kutwala, kuchukua. Yana nguvu, kwa sababu neno hilo tunalo sote. Kiswahili kimezoea kudondosha "l" ya katikati: Wayao husema kulila, sisi tunasema kulia. Kwa njia hiyo hiyo kutwala kumekuwa kutwaa. Mikindani wenyeji huisimulia kwa mikinda, minazi michanga, na -ni ya mahali, na umbo la neno linakubali kabisa. Lindi katika Kiswahili ni shimo refu, na kilindi ni maji marefu. Anayeijua ghuba ya Lindi atapima mwenyewe.

Tunatamkaje: TanZAnia au TanzaNIa?

TanzaNIa. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: ta-nza-ni-a. Mtangazaji anayesema vingine amelitamka kwa Kiingereza.

Nataka kujua asili ya jina la kijiji chetu wilayani Tandahimba. Nianzie wapi?

Anza na bibi kabla ya intaneti. Mwombe alitamke jina kama walivyolitamka wazazi wake, kwa Kimakonde, na umrekodi kwenye simu, maana kupanda na kushuka kwa sauti huko huwa kunapotea kwenye maandishi ya ofisi. Muulize jina lilikuwa la nini kwanza: kisima, mlima, mti, au mtu aliyefungua shamba la kwanza. Mtafute mzee wa pili wa ukoo mwingine umuulize hayo hayo bila kumwambia jibu la mwenzake. Wakikupa maelezo mawili, andika yote mawili pamoja na majina ya koo zao na mwaka. Kisha uniletee, nina daftari la majina ya vijiji na sehemu ya Tandahimba bado ina kurasa tupu.